Waliosimama Nyuma ya Mpiga Picha



Kila mwaka, ninapowapokea walimu vijana wanaojiandaa kufundisha dini katika shule zetu, huwatandazia mezani picha nne na kuwauliza swali moja: haya ni makanisa mangapi? Wengi hujibu bila kusita kwamba ni manne. Picha ya kwanza inaonyesha ukuta mweupe uliopinda, na juu yake paa zito la kijivu lililojikunja kama ganda la kaa. Ya pili inaonyesha minara miwili iliyopeana migongo. Ya tatu ni altare iliyowekwa nje, chini ya paa linalotokeza mbele kama ubavu wa mtumbwi. Ya nne karibu yote ni giza, isipokuwa vidirisha vingi vya ukubwa mbalimbali, vingine vyekundu, vingine vya buluu, vinavyomwaga nuru kidogo kidogo sakafuni. Hapo ndipo ninapowaambia kwamba kanisa ni moja tu. Ni Notre-Dame du Haut, kule Ronchamp, mashariki mwa Ufaransa.

Sijafika Ronchamp, na huenda sitafika. Ninalijua kanisa lile kwa njia ya picha, kama wengi wenu mnavyoijua Roma au Yerusalemu. Kwa sababu hiyo, kwa muda mrefu nimejiuliza picha ya nyumba ya sala inatupatia nini, na inatunyima nini. Swali hili si la mafundi wa kamera peke yao. Ni la kila mmoja wenu anayebeba simu mfukoni siku ya Jumapili.

Tuanze na kanisa lenyewe. Juu ya kilima cha Bourlémont waamini walihiji tangu zamani kumheshimu Bikira Maria. Mwaka 1944, katika mapigano ya kuikomboa Ufaransa, kikanisa cha zamani kilibomolewa. Vita vilipokwisha waamini walitaka kujenga upya, na kazi ya kuchora ikakabidhiwa kwa Le Corbusier, msanifu majengo mashuhuri mzaliwa wa Uswisi, mtu ambaye hakuwa akishika ibada za Kanisa Katoliki. Jambo hilo liliwashangaza wengi. Miongoni mwa waliomtetea alikuwa Padri Marie-Alain Couturier, Mdominikani, mmoja wa wahariri wa jarida L'Art sacré. Yeye aliamini kwamba Kanisa halina budi kuwaendea wasanii wakubwa wa nyakati zake, badala ya kuridhika na kuiga makanisa ya kale. Padri huyo alifariki Februari 1954, ujenzi ukiwa bado unaendelea. Kanisa lilibarikiwa tarehe 25 Juni 1955.

Jengo hilo humsumbua mpiga picha, na ni vizuri limsumbue. Halina uso mmoja kama makanisa mengi tuliyozoea, ambayo mtu husimama mbele ya mlango mkubwa, akapiga picha moja, akaenda zake. Huku unaona minara, kule unaona altare ya nje, pengine unaona ukuta mtupu na mfereji unaomwaga maji ya mvua ya paa ndani ya birika. Mtu hawezi kuliona lote akiwa amesimama mahali pamoja. Inambidi atembee, alizunguke, aingie na kutoka. Hata ndani hawezi kuharakisha. Paa lile linaloonekana zito halikulazwa moja kwa moja juu ya kuta. Kuna mwanya wa sentimita 10 hivi, na nuru hupita humo kama uzi, hata paa likaonekana limeinuliwa na kushikwa hewani. Macho yaliyotoka juani hayauoni uzi huo mara moja. Ni lazima yazoee giza kwanza. Kanisa hili linamfundisha mpiga picha jambo ambalo katekisimu humfundisha mkatekumeni: anayetaka kuona, na ajifunze kungoja.

Miongoni mwa waliojifunza kungoja alikuwa Lucien Hervé. Alizaliwa Hungaria mwaka 1910 kwa jina la László Elkán. Wakati Ufaransa ilipokuwa chini ya Wanazi alijiunga na wapiganaji wa siri, na jina la Hervé alilipata katika kazi ile, akalitumia hadi kufa kwake mwaka 2007. Mwaka 1949 Padri Couturier alimshauri aende Marseille kuona jengo kubwa la makazi ambalo Le Corbusier alikuwa akilijenga huko. Hervé alikwenda, na kwa siku moja akapiga picha 650. Alipozituma kwa Le Corbusier, msanifu alimjibu kwamba ana roho ya msanifu majengo, akamwomba awe mpiga picha wake. Walifanya kazi pamoja hadi Le Corbusier alipofariki mwaka 1965, na Ronchamp ni mojawapo ya majengo ambayo Hervé aliyatazama kwa jicho lake kali.

Jicho hilo lilikuwa na desturi moja inayostahili kufikiriwa. Hervé alikuwa akikata. Baada ya kusafisha picha alichukua mkasi na kuondoa kila alichoona hakina kazi: kipande cha anga, mti, nusu ya ukuta. Mara nyingi alichobakiza ni ukingo mmoja, kivuli kimoja cheusi kikigawanya weupe wa chokaa, au ngazi zisizojulikana zinaelekea wapi. Mtu akiitazama picha ya namna hiyo kwa mara ya kwanza huuliza kanisa liko wapi. Akiitazama kwa mara ya pili huanza kuona uzito wa ukuta, ukali wa jua, na ukimya. Kwa kuondoa mengi, Hervé alitufanya tuone kimoja. Sisi tuliozoea kujaza kila kitu katika picha moja, padri, kwaya, maua, gari la mgeni na vidole vyetu wenyewe, tuna la kujifunza kwake.

Lakini mkasi una pande mbili. Kila anayekata anaamua pia ni kitu gani kisionekane. Fungueni kitabu chochote cha picha za makanisa ya karne ya 20, mtaona kwamba mara nyingi hamna mtu ndani. Viti vitupu, altare tupu, nuru nzuri juu ya sakafu safi. Ungedhani makanisa hayo yalijengwa ili yatazamwe, na kwamba waamini wakiingia watayachafua.

Siku ya kubarikiwa kwa Ronchamp alikuwapo kijana mwingine mwenye kamera, René Burri, Mswisi wa miaka 22, ambaye baadaye angejulikana duniani kote kwa picha zake za Che Guevara. Yeye alielekeza kamera kwa watu. Katika picha zake za siku ile kanisa jeupe limezungukwa na umati wa waamini waliopanda kilima. Ukiziona, mara unaelewa kwa nini kuna altare na mimbari upande wa nje: ndani wanaenea watu 200 hivi, lakini siku za hija huja maelfu, na hapo uwanja wa majani unakuwa kanisa na mbingu inakuwa paa. Unaelewa pia kwa nini sanamu ya Bikira Maria imewekwa ndani ya dirisha la ukuta wa mashariki, nayo inaweza kugeuzwa iwatazame walio ndani au walio nje. Katika picha isiyo na watu, sanamu hiyo ni nukta nyeusi katika mraba wa nuru. Watu wakiwapo, ni Mama anayewageukia wanawe.

Simwinui Burri ili nimshushe Hervé. Mmoja alitufundisha jengo ni nini, mwingine alitufundisha ni la nani. Anayetaka kulijua kanisa anahitaji picha za wote wawili, na bado hatakuwa ameona yote.

Niwaeleze sasa kwa nini jambo hili linanigusa. Katika ofisi ya parokia yetu inatundikwa picha ya siku ambayo kanisa letu lilibarikiwa, miaka michache kabla ya uhuru wa 1960. Ni kanisa la zege, ile tunayoiita betoni, lenye nguzo ndefu zisizopigwa plasta na kuta za matofali yenye matundu. Katika picha hiyo anaonekana Baba Askofu, wanaonekana wamisionari, na watoto wa komunyo ya kwanza waliovaa nguo nyeupe. Marehemu baba yangu alikuwa kijana wa miaka 19 wakati wa ujenzi. Alichota mchanga mtoni, akachanganya zege kwa mikono, akapanda jukwaa la miti na karai kichwani tangu alfajiri hadi jioni. Nilipokuwa mtoto nilimwuliza: Baba, katika picha ile wewe uko wapi? Akanijibu: “Sisi tulikuwa nyuma ya yule aliyepiga picha.” Wafanyakazi waliambiwa wasogee, kwa kuwa nguo zao zilikuwa na vumbi la saruji.

Baba alilisema hilo bila uchungu. Mimi ndiye niliyebaki nalo. Tangu siku ile siwezi kutazama picha ya kanisa lolote, hata iwe nzuri namna gani, bila kujiuliza ni nani aliyekuwa amesimama nyuma.

Na Ronchamp yenyewe inatoa jibu, ingawa jibu hilo halionekani katika picha hata moja. Kikanisa cha zamani kilipobomolewa, mawe yake yalibaki yametawanyika juu ya kilima. Le Corbusier hakuyatupa. Mengi yaliingizwa ndani ya kuta mpya, kisha yakafunikwa kwa saruji na kupakwa chokaa. Mengine yalijengewa piramidi ndogo ya ngazi kando ya kanisa, kwa ukumbusho wa waliouawa kilimani mwaka 1944. Basi mahujaji wanaousifu weupe wa ukuta wanasifu ngozi tu. Mwili wa ukuta ni mawe yale yale ambayo mababu zao waliyaegemea wakisali. Kamera ya Hervé haikuweza kuyafikia, wala ya Burri. Yanajulikana kwa sababu kuna watu waliokumbuka na kusimulia. Mtume Petro anapowafananisha waamini na mawe yaliyo hai, mimi huyafikiria mawe hayo: hayaonekani, nayo yanabeba.

Kwa bahati, zege lina namna yake ya kukumbuka. Mnajua kwamba zege humiminwa likiwa uji ndani ya kasha la mbao, nalo likishika mbao huondolewa. Zamani mafundi walikuwa wakificha alama za mbao hizo kwa plasta. Le Corbusier, kule Marseille, aliamua kuziacha zionekane, na baada yake wasanifu wengi wakafanya hivyo. Katika zege la namna hiyo unaweza kusoma mshipa wa kila ubao, fundo lake, hata mahali ambapo ubao mmoja haukukutana sawasawa na mwenzake. Ni maandishi ya mikono ya mafundi. Nguzo za kanisa letu ni za namna hiyo. Saa sita za mchana zinaonekana za kijivu tu, kama ukuta wowote. Lakini saa moja asubuhi, jua linapopita karibu sambamba na uso wa nguzo, kila mshipa wa ubao hujitokeza na kivuli chake. Baba aliijua nguzo ya tatu upande wa kushoto, kwa kuwa kasha lake yeye na wenzake walilifunga mara mbili baada ya kupasuka. Miaka michache kabla hajafariki nilimsimamisha kando ya nguzo hiyo saa ile ya asubuhi, nikampiga picha. Haina ufundi wa kusifiwa. Lakini ndani yake baba yuko mbele.

Nataka nanyi mjifunze kupiga picha za namna hiyo, na kwa hilo ni lazima mlijue jua la kwetu. Ronchamp iko kaskazini sana mwa ikweta; kule jua la mchana hutoka kusini mwaka mzima, ndiyo maana vidirisha vile vingi vilitobolewa katika ukuta wa kusini. Hapa Lubumbashi mambo ni tofauti. Sehemu kubwa ya mwaka jua la mchana liko upande wa kaskazini. Tangu mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari huhamia upande wa kusini. Kwa hiyo ukuta uleule unaong'aa mwezi wa sita unaweza kuwa kivulini wakati wa Noeli. Mtu asiyesali katika kanisa hilo mwaka mzima hawezi kulijua hilo. Ninyi mnaweza.

Tazameni pia matofali yale ya matundu, ambayo wengi tunayaita klaustra. Si mapambo ya masikini. Mwaka 1923, kule Le Raincy karibu na Paris, Auguste Perret na ndugu yake Gustave walimaliza kanisa ambalo kuta zake karibu zote ni klaustra za zege zilizojazwa vioo vya rangi. Le Corbusier alipokuwa kijana aliwahi kufanya kazi katika ofisi ya Auguste Perret. Kwetu matundu hayo hayakuhitaji vioo. Yaliachwa wazi ili hewa ipite na joto litoke, na nuru ikaingia nayo bila kualikwa. Wakati wa kiangazi, moshi na vumbi vikiwa angani, nuru hiyo huonekana kama fimbo zilizolazwa juu ya mabega ya waamini.

Mashauri machache ya kazi. Kwanza, lizungukeni kanisa bila simu mkononi, kisha rudini saa tofauti. Pili, msiinamishe simu nyuma ili kupata kilele cha mnara, maana kuta zitaonekana zinaanguka. Rudini nyuma, au pandeni mahali pa juu kidogo. Tatu, mkiwa ndani, gusa kwenye kioo cha simu mahali penye mwanga wa dirisha ili simu ipunguze ukali wake, na muache giza libaki giza. Nne, zimeni mweko, kwa kuwa mweko unaua kivuli, na bila kivuli hamna ukuta. Tano, wakati wa mageuzo simu ikae mfukoni. Hakuna picha inayostahili kuchukua nafasi ya kupiga magoti.

Na haya nawaandikia sasa kwa sababu muda ni mfupi. Baraza la parokia yetu limeamua kuzikarabati nguzo, kuzipiga plasta na kuzipaka rangi. Uamuzi huo una sababu: unyevu umeingia, vyuma vya ndani vinapata kutu, na zege linaanza kupasuka na kumeguka. Jengo likianguka halina kumbukumbu yoyote. Sipingi plasta. Lakini siku itakapopakwa, mishipa ya mbao itafunikwa kama mawe ya Ronchamp yalivyofunikwa, na kwetu wanaoweza kusimulia wamebaki wachache mno. Katika parokia zenu, je, wamebaki wangapi?

Nendeni basi kabla ya mafundi. Pigeni nguzo moja moja, ukuta mmoja mmoja, katika nuru ya asubuhi. Kisha mfanye jambo ambalo kamera haiwezi: tafuteni wazee waliobeba mchanga na maji, na kina mama waliowapikia, waleteni, wasimame mbele ya kazi yao, na mwandike majina yao nyuma ya kila picha, jina la baba na jina la kijiji. Picha isiyo na jina, baada ya miaka 30, ni karatasi tu.

Kwa mazungumzo katika kikundi:

1. Katika picha mlizo nazo za parokia yenu, ni nani wanaoonekana daima, na ni nani wasioonekana kamwe?

2. Ni sehemu gani ya kanisa lenu ambayo nuru huigusa kwa saa moja tu kwa siku? Nani kati yenu amewahi kuingojea?

3. Ni mzee gani atakayetembelewa na kikundi chenu kabla ya Jumapili ijayo, na nani atakayeandika jina lake?